Picha ya Mama Rosalina na Neno la Siri la Kitaya

Mpendwa Mama Doris, naomba msaada wako, ila nakwambia mapema kabisa kwamba neno la siri sitoi, hata ukoo mzima uje kupiga kambi mlangoni kwangu, na jina langu liandike tu gazetini, Telma, sijaiba na sijaua.

Mimi nafanya kazi kwenye intaneti kafe hapa Mtwara mjini, nachapa barua na kuskani vyeti vya watu, na mwaka juzi, 2006, niliutengenezea umoja wa watu wa kijijini kwetu Kitaya tovuti, ili walioko Dar, Songea na hata ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, waone nyumbani kunaendaje, nani kaoa, nani kavuna mpunga, na mwanzoni kila mwanachama nilimpa jina lake na neno lake la siri, lakini Yesu wangu, watu wanasahau! Mtu ametoka Kitaya na gari la alfajiri, amelipia nusu saa, dakika ishirini nzima anabahatisha neno la siri huku ananiita Telma, Telma, mpaka nikachoka, nikawapa wote jina moja, Kitaya, na neno moja la siri, kila mtu akawa anapandisha picha anavyotaka, na kusema kweli tulifurahi.

Mwezi wa tatu mwaka huu akafariki mama yangu mkubwa, Rosalina, na binti yake, dada Felista, anafanya kazi Songea, na wakati ule alikuwa na mimba ya miezi minane, na wewe unajua msiba mtu haambiwi hivihivi, kwa hiyo wazee wakakubaliana asipigiwe simu, aambiwe Jumatatu jioni na shemeji yake, akiwa nyumbani, amekaa, na wanawake wenzake wako karibu wa kumshika. Tukazika Jumapili. Jumatatu saa saba mchana Felista yuko ofisini, wenzake wameenda kula, akafungua tovuti yetu aone habari za nyumbani, akamkuta mama yake ndani ya jeneza, pamba puani. Peke yake, Mama Doris! Alikuja kujifungua salama, mtoto wa kike, lakini mimi haongei nami mpaka leo.

Siku ileile nilifunga kila kitu, sasa anayeweza kuweka au kuondoa picha ni mimi tu. Basi mjomba Valdemar, kaka wa marehemu na mwenyekiti wa umoja wetu, na kwetu mjomba akisema ndiyo imesemwa, ananitaka nimpe neno langu la siri eti aiondoe ile picha, eti mtoto wa kike hawezi kuwawekea watu wazima kufuli. Anadanganya! Anataka kumficha mwanawe Constantino, maana pale mazishini aliyeshika kamera alikuwa nani kama si yeye? Nilimwambia mbele ya watu kuwa ni yeye, akalia, na kulia si kujibu. Ndiyo maana ile picha nimeiacha palepale, ni ushahidi wangu. Sasa nimeitwa kikao Jumamosi, na wanasema nisipotoa neno la siri watanitenga. Niende nikawaambie usoni sitoi, au nisiende kabisa?

Telma, Mtwara mjini

MAMA DORIS ANAJIBU

Telma, weka gazeti chini uende ukaiondoe ile picha. Nenda sasa hivi, nakusubiri.

Umerudi? Haya, pole kwa msiba. Sasa tuzungumze.

Unaniambia ni ushahidi. Ushahidi gani, wewe? Chini ya picha ile jina la aliyeiweka ni lipi? Ni Kitaya. Hicho ni kijiji kizima, wewe mwenyewe umo. Uliwapa watu mia jina moja na ufunguo mmoja kwa sababu ulichoka kuitwaitwa, halafu jambo lilipoharibika ukamtafuta mtu mwenye kamera. Huenda ni yeye, huenda siye. Wewe hujui, mimi sijui, na kwa jinsi ulivyopanga mambo hakuna atakayejua. Kumbe kwa miezi miwili umemwacha mama yako mkubwa aanikwe pale, kila mpita njia amtazame, ili tu umshinde mjomba! Hapo nimekasirika, na sikufichi.

Ila kwenye neno la siri niko upande wako. Usimpe. Mtoto wa kike aliyeweza kujenga tovuti yenyewe, kufuli ndilo litamshinda? Mjomba mheshimu, mpigie magoti ukimsalimia kama mlivyolelewa, na ukishainuka mwambie, "Mjomba, hili sikupi." Lakini na wewe usijifanye chifu. Mtu mmoja kushika kila kitu ni kosa, awe yeye au wewe.

Kikaoni nenda, ufike mapema, ukae mbele. Kabla hawajafungua mdomo, mwombe radhi Constantino, tena kwa sauti ileile uliyomtuhumu nayo. Kisha waambie utaratibu mpya. Kila mwanachama anarudishiwa jina lake na neno lake la siri, na akisahau utamtengenezea jingine, hata mara kumi kwa siku, ndiyo kazi uliyojipa. Kila mtu ana ruhusa ya kutuma picha, lakini haionekani mpaka watu wawili waikubali, wewe huko mjini na mwingine mtakayemchagua kule Kitaya. Picha ya msiba itasubiri mpaka wenye msiba waseme kila anayestahili kuambiwa ameshaambiwa. Wakikataa, wakikutenga, na wao watengwe na tovuti hiyo, watengeneze nyingine tuone!

Bado moja, na hili ndilo ulilolikimbia barua nzima. Umeniandikia habari za mjomba, za kamera, za kufuli, na Felista kutoongea nawe umekutaja kwa kupita tu. Panda basi uende Songea. Najua barabara ya Tunduru ni mbovu, nenda hivyohivyo. Usimwandikie wala usimpigie simu. Ngoja jioni, akiwa nyumbani, amekaa, na wanawake wenzake wako karibu. Hapo ndipo umwambie, "Dada, aliyeiweka picha ile simjui. Aliyeacha mlango wazi ni mimi."