Lifti Imepona

Kaka yangu,

Mimi mzima, ila magoti yananiuma. Lifti ya jengo letu ilikufa, na maabara iko ghorofa ya saba. Profesa wetu, na kitambi chake kile, alikuwa akisimama kila ghorofa, eti anatafakari. Tulicheka mpaka basi.

Mama hajambo? Mwambie aache kwanza kuwatangazia majirani ugunduzi wetu. Ile tabia mpya ya atomu, iliyogunduliwa na kompyuta tuliyoifundisha wenyewe, ilitoweka siku ileile lifti ilipokufa. Kompyuta haikuwa inasoma atomu, kaka. Ilikuwa inasoma mtikisiko wa lifti. Nilipomwambia profesa, alinitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake.

"Binti, tusubiri fundi," akasema. "Vifaa vimeshtuka tu."

Makala yetu inatoka mwezi ujao, na jina langu limo.

Leo fundi amemaliza kuitengeneza lifti. Lifti ilipoanza tu kupanda, ile tabia ikarudi kwenye skrini, na wenzangu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, kaka. Viganja bado vinaniwasha.

Jioni nimeshuka kwa ngazi, peke yangu.

Kitindamimba wenu