Nyuki Kidogo mu Ruche Kubwa

Siku ya kwanza ya juma, 6/10/2025

Nimechoka, lakini nisipoandika nitapasuka. Sylvain, bwana yangu, ameleta nyuki kutoka pori. Kidogo tu, ngumi mbili. Amezitia mu ruche mupya, ile mzinga ya sanduku, ya cadre kumi, fremu za kujengea masega. Kumi! Zimejikunja pembeni. Nimemuambia: uzikatie chumba kidogo, zipate joto. Eti: "Mama Falone, ruche ni ruche. Zitazaa, zitaijaza."

Tulipokimbilia Shasha mu vita, usiku wa kwanza tulilala sisi watatu peke yetu mu salle ya kanisa, nyumba kubwa tupu. Falone alitetemeka mpaka asubuhi. Amesahau?

Siku ya tatu, 8/10

Mvua, baridi ya mifupa. Nimemuacha mutoto wetu muchanga, Astrid, kwa nyanya yake, nikafungua ruche. Nyuki hata kuruka hazina nguvu. Nimechukua couverture ya zamani ya Falone, blanketi yake ya utoto, nikajaza upande mutupu. Nyinyi pia mulale, mama zangu.

Siku ya tano, 10/10

Sylvain ameitoa ile couverture! Ameitupa mu matope! Ni sababu ya jirani Jean-Luc, alicheka mbele ya watu: "Sylvain, nyuki zako zinatengeneza asali ao zinanyonya? Uzivalishe na kofia!" Basi haya ikamushika. Haya ya nini? Ile couverture niliifua mimi.

Mama mukwe ananiambia polepole: bwana hasahihishwi mbele ya jirani. Sawa, mama. Na nyuki?

Siku ya Mungu, 12/10

Zimekufa. Nyingi! Nimezifagia mbele ya ruche. Zimebaki ngumi moja. Sylvain anasema ni mvua. Mvua! Kanisani nimeimba meno yamefungwa.

Siku ya pili ya juma, 14/10

Sylvain alienda soko. Nikatoa ubao moja ya kitanda — upande wake, si wangu. Nikaikata na msumeno, nikaisimamisha mu ruche kama ukuta. Cadre tatu upande wa nyuki, kule kwingine wazi. Na reine, malkia yao, nikamuona, anatembea! Nikalia kidogo.

Amerudi sasa hivi. Akajitupa kitandani — krraa! "Mama Falone! Ubao yangu iko wapi?" Nimeendelea kunyonyesha Astrid. Falone ndiye amemuvuta mukono mpaka inje: "Papa, kuja uone! Nyuki ziko nalala kwa kitanda yako!"

Jean-Luc iko kwa lupango, anachungulia juu ya uzio, anacheka tayari. Naona kwa dirisha. Mukono ya Sylvain iko juu ya mufuniko. Mutoto kwa ziwa yangu, ananyonya, kalamu mu mukono. Haya, bwana. Uguse tu ile ubao —