Siku Nilipovuta Mabomba Bila Wewe

Dada Rehema,

Tangu malaria ikuchukue, fundi wa pampu hapa kijijini nimebaki peke yangu, na ninaogopa. Sijamwambia mtu. Nakwambia wewe.

Wiki mbili zilizopita pampu ya kisima iligoma. Mpini ulipanda na kushuka, tone halikutoka. Siku hizo hizo kipindupindu kilikuwa kijiji cha jirani, na watu wetu wakarudi mtoni, kwenye maji ya ng'ombe. Mwanao Neema naye alikunywa huko. Kesho yake alfajiri akaanza kuharisha. Shemeji yako alimpakia kwenye baiskeli akamkimbiza zahanati. Mimi nikabaki kisimani, maana bila pampu wengine wangemfuata.

Ulizoea kuniambia, "Usikimbilie spana. Sikiliza mpini kwanza." Nikausikiliza. Mpira wa pistoni ukilika, mpini huwa bado na uzito, maji huja kwa kusuasua. Huu ulikuwa mwepesi kabisa: fimbo ya ndani, inayounganisha mpini na pistoni, imekatika. Ilibidi tuvute mabomba yote.

Kazi ile siku zote tuliifanya wawili, wewe kwenye kibano kinachozuia mabomba yasizame. Safari hii alishika Mama Masanja, yule Msukuma wa ng'ombe wengi. Bomba la tatu likateleza, kama shubiri moja hivi. Akilini nikaona limezama lote, kisima kimekufa, watoto wote wako mtoni. Mama Masanja akasema polepole, "Nimelishika. Funga." Nikafunga. Nikakaza nati ya kibano, tukaendelea kuvuta.

Fimbo ilikatikia kwenye kiungo. Tukaweka ya akiba. Jioni maji yakatoka, mekundu kwanza, kisha meupe. Nikakaa chini pale pale, nikalia mbele za watu.

Neema alitundikiwa dripu siku tatu. Amerudi. Amekonda, lakini anakula ugali wake.

Kuna jambo sijalisema hata kwa shemeji yako. Pale mtoni nilimwona anachota kwa kiganja. Nilimwona, dada, nikanyamaza, kwa sababu alikuwa na kiu na mimi nilikuwa nimechoka. Nisamehe.

Sasa mpini ukilia kidogo tu, moyo unanienda mbio. Hata hivyo kazi uliyonifundisha sitaiacha, na maji ya mwanao nitayachemsha mwenyewe, kila siku, hata nikiwa nimechoka.

Pumzika, dada yangu.

Mdogo wako,
Tabitha