Mpaka Aseme "Nimeshika"

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Kifua kinakuacha ulale? Mimi mzima, macho tu yamechoka na skrini.

Viroboti vyangu, vidogo kama kobe, vimeanza kujenga huko angani. Vinatambaa juu ya fremu ileile vinayoijenga, vikipokezana vyuma. Nimevipa sheria yako ya kuezeka: usiachie mpaka mwenzako aseme "nimeshika". Wakubwa wakauliza nimeisomea chuo gani. Nikawaambia, juu ya paa.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua hakijambo, ila ngazi sipandi tena. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akachungulia.

Sheria hiyo niliitunga baada ya kumwachia mwenzangu boriti mapema. Mkono wake haukunyooka tena. Sijawahi kukuambia, naona aibu mpaka leo.

Daktari hataki nikae peke yangu. Njoo, hata siku mbili.

Baba yako

7 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Unaendeleaje?

Kiroboti kimoja kimekufa katikati ya kupokea chuma. Mwenzake bado ameng'ang'ania, anasubiri jibu. Nimemwamuru aachie, hataki. Niliiweka sheria yako juu ya amri zote, hata zangu. Vingine vimekwama nyuma yake, havipati njia ya kurudi kuchaji. Nikiondoka sasa, miaka tisa ya kazi yangu imekwenda na maji. Akiachia tu, naja.

Mwanao

15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Jirani ananiandikia, kalamu siwezi kuishika tena.

Hicho kiroboti usikilaumu. Hakuna aliyekifundisha kwamba mwenzako huenda asijibu kamwe. Hata mimi nisingejua kukifundisha. Usikae kukitazama. Njoo.

Baba yako

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Betri ya mwisho ilizimika jana saa nne asubuhi. Kile kiroboti hakijaachia. Wakubwa wamefunga mradi, tumepewa maboksi ya kubebea vikombe vyetu. Nimekata tiketi ya Jumamosi. Mbona kimya? Nijibu hata neno moja.

Mwanao

9 Juni

Baba,

Nimefika. Barua yangu nimeiokota mwenyewe chini ya mlango, haijafunguliwa. Jirani alishaniandikia, barua yake nami tumepishana njiani. Amenionyesha ulipolala.

Mlangoni nilisema shikamoo kwa mazoea, nikasimama kusubiri. Najua hakuna wa kuitikia. Ila kuachia sijui, Baba, hukunifundisha.

Mwanao