Nyasi za Fintan

Sorcha, nimeharibu. Nimeharibu kabisa!

Si nilituma kwenye grupu la parokia kwamba leo ni jua tupu? Jirani yangu Fintan akaniamini, akakata nyasi za ng'ombe ili zikauke juani. Mvua haijakatika tangu asubuhi. Zote zinaoza shambani!

Nikafungua daftari langu la utabiri. Siku thelathini, nimepatia kumi na moja. Kumi na moja! Ningesema "mvua" kila siku ningepatia ishirini.

Mara Fintan huyo mlangoni, kalowa chapachapa. Nikajua leo natukanwa.

Akauliza tu, "Kesho unaonaje, mama? Limebaki shamba la juu."

Sorcha, niliona aibu kusema sijui. Nikamwambia, "Kata tu."

Akanishukuru. AKANISHUKURU!