Salio la Maji ya Sagalla

Jumatatu, 9 Februari

Voi. Joto tangu asubuhi. Feni inazunguka bila faida. Nimefika nusu ya mwongozo na nimepiga mistari myekundu kila mahali. Aliyeuandika anajipenda. Kurasa tatu nzima za kusifu blokcheni, lile daftari la mtandaoni linaloweka hesabu za tokeni, kabla hajamwambia mtu abonyeze wapi. Nimezifuta zote.

Kazi yenyewe ni rahisi. Kuna programu ya kuangalia salio la tokeni kwa simu, na kampuni inataka nipime kama maelezo yake yanaeleweka na kama ni ya kweli. Tokeni si zile za stima. Ni za kikundi cha maji cha Sagalla: ukichimba mitaro ya tangi unapewa tokeni, ukitaka maji unalipa nazo kioskini. Mwenyekiti ni shangazi yangu Mkamburi. Nikiharibu, nitasikia kwetu.

Lakini siharibu. Nasoma miongozo kama mtu anayetafuta ugomvi, na huwa naupata.

Jumanne, 10 Februari

Nimejaribu kila hatua. Mwongozo unasema ukilipa, salio jipya linaonekana papo hapo. Nikalipa kwa tokeni za majaribio, nikaangalia. Papo hapo kweli. Nikaweka tiki. Sentensi ya kwanza ya maana katika kitabu kizima.

Jumatano, 11 Februari

Nimeupitisha. Bosi wangu wa Nairobi amejibu kwa dole gumba tu. Shangazi alifurahi zaidi. Amewaambia akina mama wa kikundi kwamba mtoto wao amesoma hiyo kitu mwanzo mwisho, waache wasiwasi. Nikajiona mkubwa. Nikajinunulia samaki wa kukaanga.

Alhamisi, 12 Februari

Siku mbaya.

Nilipanda Sagalla kwa bodaboda kuona tokeni zikianza kutumika. Foleni ya madumu ilifika hadi lango la kanisa. Mwakio, anayeshika mfereji, ana sheria moja: haufungui mpaka aone kwenye simu yako kwamba salio limeshuka. Sawa tu. Hata dukani watu huonyesha meseji ya malipo.

Mama Righa alikuwa wa tatu. Jirani yetu, mjane, hakukosa siku hata moja ya kuchimba mitaro. Akaangalia salio, akalipa, akamwonyesha Mwakio. Halijashuka. Mwakio akasema malipo hayajaingia. Akalipa tena. Halijashuka. Akalipa tena. Ndipo salio likaporomoka kwa mpigo mmoja, tokeni zake zote zikaisha, na lililojaa ni dumu moja.

Hakupiga kelele. Alibeba dumu lake akaenda. Waliopiga kelele ni wengine. Mmoja alisema wazi kwamba mimi na shangazi tumekula. Nikasema ni network. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Sikujua kitu. Nimeaibika, na nina hasira.

Kikundi kitakaa Jumapili baada ya ibada kuamua kama tokeni zitupwe. Zikitupwa, jasho la akina mama kwenye ile mitaro limeenda bure, na shangazi hatakuwa mwenyekiti tena.

Ijumaa, 13 Februari

Si network.

Leo nimefanya kama Mama Righa. Nikaangalia salio kwanza, nikalipa, nikaangalia tena. Salio la zamani. Programu inashika jibu lake la kwanza na kulirudia kwa muda kabla ya kuuliza blokcheni upya. Jumanne mimi sikuangalia kwanza. Kwa nini niangalie? Zilikuwa tokeni za majaribio, sikuwa nazihitaji. Mtu mwenye tokeni chache huangalia kwanza kila mara.

Na aliyeandika mwongozo anadhani salio ni la kukuambia una nini. Sagalla, salio ndilo risiti.

Nimeondoa idhini yangu. Bosi akapiga simu, amekasirika. Anataka niongeze sentensi moja tu: subiri kidogo kabla ya kuangalia tena. Nikakataa. Nani atasubiri na foleni nzima iko nyuma yake? Mwakio naye hasomi miongozo. Watengeneze programu iulize upya kila mtu akishalipa, au watafute mwingine wa kuwawekea tiki. Akakata simu. Sina kazi nyingine mwezi huu. Sijutii.

Jumamosi, 14 Februari

Wameitengeneza. Hakuna asante, toleo jipya tu. Nimelijaribu kwa kila njia mbaya niliyoweza kufikiria, hadi kwa simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Salio linashuka kila mara.

Sehemu ya malipo nimeiandika upya mwenyewe. Ukurasa mmoja, Kiswahili cha kwetu. Utaona nini, umwonyeshe nini mwenye mfereji, na lisiposhuka usilipe tena, mwite mwenyekiti. Ni mzuri. Nasema mwenyewe.

Jumapili, 15 Februari

Nilisimama mbele yao. Sikuzunguka. Nikawaambia network haikuwa na kosa, mimi ndiye nilipitisha kitu bila kukijaribu vile wanavyokitumia wao. Shangazi hakunitetea, na alifanya vizuri. Wakauliza maswali makali. Nikayajibu yote.

Wamekubali kuendelea, kwa shingo upande, mradi Mama Righa arudishiwe tokeni zake leo. Zilitumwa palepale kutoka akaunti ya kioski. Mwenyewe hakuja. Wanasema tangu Alhamisi anateremka kuchota kwenye shimo la mchangani, kule mto uliokauka.

Jumatatu, 16 Februari

Nilimkuta Mama Righa akichambua mbaazi nje ya jikoni. Shikamoo. Marahaba. Nikamwomba simu, nikamfungulia salio. Aliliangalia kwa muda.

Akaweka ungo chini, akachukua madumu mawili, tukaenda kioskini. Akalipa. Akamnyooshea Mwakio simu bila kuitazama yeye mwenyewe. Mwakio akasoma, akafungua mfereji.

Yalipojaa akabeba dumu moja. La pili akaniachia mimi.