Matope ya Bwawa la Baba

Langas, Eldoret

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti linaendeleaje? Umeanza kulipaka yale mafuta, ama yamekaa tu juu ya kabati yakingoja wageni? Mimi ni mzima. Baridi ya huku mwezi huu inaingia mpaka kwa mifupa, na chumba changu hakipati jua, lakini kazi iko na chakula sikosi.

Mama, umeniuliza kwa simu mara nyingi kama sasa uweke samaki kwa bwawa la Baba, nami nimekuwa nikikuzungusha. Nikisikia sauti yako nashindwa kusema. Wacha niandike.

Unakumbuka Krismasi nilivyobeba matope ya bwawa kwa mkebe, kaka Barasa akanicheka ati nimesoma mpaka nimeanza kusafirisha uchafu? Hiyo ndiyo kazi yangu hapa maabara. Tunaweka matope kwa chupa, tunamwaga maji juu, halafu tunatia vidudu vidogo vyekundu, vile hukaa chini kabisa na kula humo humo kwa matope. Vikikomaa vinatoka na mabawa, kama mbu asiyeuma, vinaruka. Nilivilisha, nikabadilisha maji, nikangoja. Mwanzoni vilikuwa vizima kabisa. Nilifurahi nikashika simu nikupigie, lakini bosi wangu akaniambia, "Nekesa, ngoja kwanza. Kama kuna dawa humo, haina haraka."

Ni kweli havikufa mara moja. Vilidumaa tu. Vingi vilishindwa kugeuka, na vichache vilivyoruka vilitaga mayai ambayo hayakuanguliwa. Nililia hapo hapo mbele ya wenzangu.

Ni ile dawa ya wadudu ya kupiga nyanya shambani, Mama, na unajua ilifikaje huko. Watu wakimaliza kupiga dawa walikuwa wanaosha pampu zao pale kwa chemchemi, mpaka Baba akasimama njiani akawaambia, "Hapo watoto wanakunywa. Njooni muoshee kwangu." Wakaja kuoshea bwawani, msimu baada ya msimu. Siku ya mazishi yake mzee wa kanisa alimsifu kwa hilo, nasi tukapiga makofi. Nyanya ziliachwa kitambo na maji ya bwawa yanaonekana safi, lakini dawa ilishuka ikatulia kwa matope, na bado iko.

Kinachonivunja moyo ni kwamba alikufa akidhani hajui kufuga. Kila akiweka samaki walikonda, wakaisha. Watu wakamwita Mzee Samaki wakimcheka, naye akacheka pamoja nao, halafu jioni anaenda kukaa peke yake kando ya bwawa. Kumbe huko chini hakukuwa na chochote hai cha kuliwa. Natamani ningemwambia mara moja tu kwamba hakukosea.

Kwa hivyo usiweke samaki, Mama. Na Barasa asichote hayo matope kupeleka kwa sukuma wiki. Najua ulitaka siku ya ukumbusho wake watu wakute samaki wanacheza majini. Pole sana, mama yangu. Mimi pia nilikuwa nimeshaiona hiyo siku.

Nisalimie Barasa na bibi yake, na shangazi, dada ya Baba, umwambie ile shuka yake ndiyo inanipa usingizi huku. Salamu pia kwa yule mama jirani anayekuletea maziwa.

Kitu kimoja sijakuambia. Siku ile ya Krismasi nilibeba mkebe wa pili, wa matope ya chemchemi. Vidudu vya chupa hiyo vilikua vyote, vikaruka, vikajaa kwa dirisha la maabara mpaka bosi akalalamika. Nilisimama nikivitazama, nikamlilia Baba upya. Kesho ukienda chemchemi kuteka maji, mwambie Baba asante kwa niaba yangu.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka,

Nekesa